Titanic Moja, Majarida Manne

Mwaka 1993 wakazi wa Wolfenschiessen, kijiji kilicho katikati ya Uswisi, waliulizwa kama wangekubali taka za nyuklia zihifadhiwe kwenye ardhi yao. Asilimia 50.8 walisema ndiyo. Wakaulizwa tena, safari hii kwa nyongeza: na kama bunge la nchi likiamua kuwalipa fidia kila mwaka? Yeyote aliyewahi kukaa darasa la uchumi angetegemea waliokubali waongezeke. Walishuka hadi asilimia 24.6.

Waulizaji walikuwa Bruno Frey, profesa wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Zurich, na mwenzake Felix Oberholzer-Gee. Mwaka 1997 walieleza kisa hicho katika American Economic Review. Wanakijiji wale walikuwa wameuchukua mzigo kama wajibu wa raia kwa nchi yake. Fedha ilipotajwa, wajibu ukajitoa, na kilichobaki kikawa suala la bei. Na kwa bei, wengi hawakuwa tayari kuuza. Malipo ya nje yanaweza kuifukuza ari ya ndani. Wazo hilo lilimbeba Frey kwa miongo kadhaa ya usomi wake, na ndilo ninalotaka kulitumia kumsoma yeye mwenyewe, katika kisa cha uchambuzi mmoja wa Titanic alioushiriki, uliochapishwa katika majarida manne.

Alizaliwa Basel mwaka 1941. Alifundisha Konstanz, Ujerumani, tangu 1970, kisha Zurich kuanzia 1977 hadi 2012. Katika miaka hiyo aliingia kila mahali ambapo wachumi wenzake walidhani hapawahusu: sanaa, tuzo na nishani, kura ya maoni, furaha. Yeye na Alois Stutzer walichukua majibu ya wakazi zaidi ya 6,000 wa Uswisi wakaonyesha kwamba katika majimbo ambako raia wana nafasi kubwa ya kuamua mambo yao kwa kura ya moja kwa moja, watu huripoti furaha zaidi. Leo uchumi wa furaha una majarida yake na makongamano yake. Frey alikuwa miongoni mwa walioufungulia mlango wakati wengine bado wanaona haya kulitamka neno lenyewe kwenye semina.

Nayasema haya kwanza kwa sababu yanayofuata hayayafuti.

Tarehe 3 Mei 2011 David Autor, mchumi wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani aliyekuwa mhariri wa Journal of Economic Perspectives, alimwandikia Frey barua. Jarida hilo ni la Chama cha Wachumi cha Marekani; hutoka mara nne kwa mwaka, na husomwa na wachumi wa kila fani kwa sababu makala zake hazijafungiwa ndani ya hesabu. Toleo la kwanza la mwaka huo lilikuwa na makala ya Frey na wenzake wawili wa Queensland University of Technology, Australia, kuhusu kuzama kwa Titanic. Kusema kweli, ni makala inayovutia. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912, watu zaidi ya 2,200 walikuwa melini, mashua za kuokolea hazikuwatosha, na takriban 1,500 walikufa. Nani alipona? Wanawake na watoto walikuwa na nafasi kubwa kuliko wanaume, abiria wa daraja la kwanza kuliko wa daraja la tatu. Kwa mchumi hilo ni swali zito. Kifo kikiwa mbele ya macho, je, mtu huhangaikia nafsi yake tu kama nadharia inavyodai, au desturi za jamii bado humshika mkono?

Ila swali hilo, kwa orodha ileile ya abiria na kwa matokeo yanayokaribiana mno, lilikuwa limekwisha kujibiwa na waandishi walewale kwingineko. Mwaka 2010 lilitokea katika Journal of Economic Behavior & Organization. Mwaka huohuo likatokea katika PNAS, jarida la Akademia ya Taifa ya Sayansi ya Marekani. Mapema 2011 likatokea katika Rationality and Society. Makala iliyopelekwa kwa Autor haikumwambia msomaji kwamba zile nyingine zipo. Barua ya mhariri ilisema waziwazi kuwa mwenendo huo una walakini wa kimaadili na umewakosea heshima chama, jarida na wasomaji. Frey alijibu akakiri kosa na kuomba radhi kwa niaba yake na ya wenzake. Barua zote mbili zilichapishwa katika toleo la kiangazi la mwaka huohuo, moja baada ya nyingine, kila mtu azisome. Chuo Kikuu cha Zurich kikaunda kamati ya kulichunguza suala hilo.

Uchapishaji huo wote ulifanyika ndani ya takriban mwaka mmoja. Hapa hakuna mzee aliyesahau alichokiandika ujanani.

Sasa tulitazame jina la kosa, maana jina hili limepotosha mjadala kila lilipotajwa. Watu huliita wizi wa maandishi yako mwenyewe, na mara moja mtu mwenye akili timamu huuliza: nitajiibiaje? Shamba ni langu, jembe ni langu, mavuno ni yangu. Ukibaki kwenye neno wizi, mtuhumiwa ameshinda kesi kabla haijasikilizwa, kwa sababu aliyeibiwa hayupo.

Mwaka huohuo wa 2011 Ujerumani ilikuwa imetikiswa na wizi wa kweli. Karl-Theodor zu Guttenberg, waziri wa ulinzi, alivuliwa shahada ya udaktari na Chuo Kikuu cha Bayreuth mwezi Februari, na tarehe 1 Machi akatangaza kujiuzulu, baada ya kubainika kuwa tasnifu yake imejaa maneno ya watu wengine yasiyotajwa wenyewe. Hewa ilikuwa ya moto, na lilipokuja suala la profesa wa Zurich wengi waliliweka kwenye kapu lilelile. Walikosea. Guttenberg alidai maneno ambayo hakuyaandika. Frey na wenzake waliyaandika wao, na hesabu walizifanya wao. Kilichokuwa na kasoro ni dai lingine, lile ambalo kila makala ya utafiti hulitoa bila kulitamka: kwamba kilichomo humu ni kipya, na kwamba hapajawahi kuwa na mahali pengine pa kukisomea.

Kosa, basi, ni kuficha marudio. Mtu anaweza kurudia bila kuficha na akawa hana hatia yoyote. Sentensi moja mwanzoni, inayosema kwamba uchambuzi huu umetokea pia katika majarida haya na haya na kwamba hapa tunaueleza kwa wasomaji wapana zaidi, ingeligeuza jambo zima kuwa la kawaida. Huenda mhariri angesema asante, basi tusichapishe. Huo ungekuwa uamuzi wake, na alistahili kuufanya akiwa anajua. Kukosekana kwa sentensi ile kulimnyima haki hiyo. Ndiyo maana naona hoja ya umiliki, kwamba kazi ni yangu naifanya nitakavyo, haifiki popote. Ukurasa wa jarida si mali ya mwandishi.

Kuna wanaosema madhara ni madogo, karatasi tu. Watazame upande wa tiba, ambako marudio yamewahi kupimwa. Mwaka 1997 Martin Tramèr na wenzake walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wao wa majaribio ya ondansetron, dawa ya kuzuia kutapika baada ya upasuaji. Waligundua kuwa asilimia 17 ya ripoti kamili na asilimia 28 ya data za wagonjwa zilikuwa zimechapishwa zaidi ya mara moja, na mara nyingi haikuonekana wazi kuwa ni marudio. Yalipojumlishwa yote kana kwamba ni majaribio tofauti, nguvu ya dawa ilionekana kubwa kuliko ukweli kwa asilimia 23. Hakuna aliyeiba neno la mtu. Hakuna aliyebuni mgonjwa. Wagonjwa walewale walihesabiwa tena na tena, na daktari anayesoma muhtasari wa utafiti wote akapewa picha iliyovimba.

Uchumi nao siku hizi unaishi kwa majumlisho ya namna hiyo. Mtu anayekusanya tafiti kuhusu tabia za watu wakati wa maafa akikuta makala nne, ana haki ya kudhani ni mashahidi wanne. Akiambiwa mapema kuwa ni shahidi mmoja aliyepanda kizimbani mara nne, atahesabu ipasavyo. Na maafa ya Titanic hayarudiwi maabara. Data yake ni ileile ya 1912, haiongezeki.

Hata hivyo sitaki kujifanya kwamba mpaka uko wazi kila mahali. Katika uchumi, makala huzunguka kwa miaka ikiwa rasimu kabla ya kufika jaridani, na hakuna anayeliona hilo kuwa kosa. Sehemu za kueleza mbinu na chanzo cha data hufanana kutoka makala moja hadi nyingine, na kumlazimisha mtu abadilishe maneno ili tu yasifanane ni kumpotezea wakati, pengine na kuharibu usahihi. Mwanahisabati hatungi upya maelezo ya kanuni yake kila mwaka. Kuandika jambo moja kwa wataalamu na kulirudia kwa wasomaji wa kawaida ni huduma, tena huduma inayodharauliwa mno vyuoni.

Hata ndani ya zile makala nne mizani haiko sawa. Ile ya PNAS ilikuwa na kitu ambacho, kwa maoni yangu, kinajitegemea: iliiweka Titanic kando ya Lusitania, meli ya abiria iliyopigwa na nyambizi ya Ujerumani tarehe 7 Mei 1915. Titanic ilichukua saa 2 na dakika 40 kuzama. Lusitania ilichukua dakika 18. Kwenye Lusitania walionusurika zaidi walikuwa vijana wenye nguvu, wa kati ya miaka 16 na 35. Ile heshima ya kuwatanguliza wanawake na watoto haikuonekana kama ilivyoonekana kwenye Titanic. Waandishi walipendekeza kuwa muda ndio uliotofautisha: hofu hufika kwanza, desturi huhitaji dakika za kujikusanya. Wazo hilo ni zuri, na ni jipya ukilinganisha na hadithi ya Titanic peke yake. Kama wangeandika makala mbili, moja ya Titanic na nyingine ya kulinganisha meli mbili, na kila moja ikaitaja mwenzake, nisingekuwa na la kuandika leo.

Kwa nini basi mtu wa hadhi ile afanye vile? Mwaka 2011 Frey alikuwa na miaka 70. Alikuwa profesa kwa zaidi ya miaka 40, ana mamia ya makala, shahada za heshima, jina linalojulikana Ulaya nzima. Hakuwa kijana anayetafuta ajira. Makala moja zaidi isingemwongezea mkate wala cheo. Wenzake hawakuwa na jina kama lake, hilo ni kweli, na kwa mtafiti ambaye bado anapanda ngazi kila jarida lina uzito. Lakini jina la Frey ndilo lililofanya mzigo huo uonekane mwepesi kuliko ulivyo.

Jibu lake mwenyewe lipo, na alilitoa miaka minane kabla. Mwaka 2003, katika jarida la Public Choice, Frey alichapisha makala kali akilinganisha uchapishaji wa kitaaluma na ukahaba: mwandishi huyauza mawazo yake, hubadilisha alichoamini ili awaridhishe wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima makala kabla haijachapishwa, wasiojulikana majina, kwa sababu bila wao hachapishwi, na asipochapishwa hana kazi. Alipendekeza mhariri awe na neno la mwisho, wahakiki wabaki washauri. Niliposoma hoja ile nilikubaliana na sehemu kubwa. Alikiona chombo kinachowasaga watu, akakieleza kinavyofanya kazi, gurudumu kwa gurudumu.

Ndiyo sababu siwezi kukubali utetezi kwamba mfumo ulimponza. Mfumo humponza asiyeuelewa, au asiye na namna ya kutoka. Mtu aliyeandika jinsi shinikizo la kuchapisha linavyomwondoa mtafiti kwenye mawazo yake, naye ana kiti cha kudumu na heshima ya kutosha kusema hapana, huyo alikuwa na uhuru ambao wengi hawatakuwa nao kamwe. Na mtu aliyewaonyesha walimwengu kijiji cha Wolfenschiessen alijua kuliko wengi kinachompata binadamu thawabu ya nje inapokaa mahali pa wajibu.

Tena thawabu yenyewe ilikuwa ya kuhesabika. Gazeti la Handelsblatt la Ujerumani lilikuwa likiwapanga wachumi wa nchi zinazozungumza Kijerumani kwa pointi, kila makala ikipewa uzito kwa hadhi ya jarida lake, na jina la Frey lilikuwa miongoni mwa yaliyokuwa juu kabisa kwenye orodha hizo. Orodha ya namna hiyo haiulizi umesema nini. Makala nne kuhusu meli moja huingia zikiwa makala nne. Wachumi wanalijua jambo hili kwa upande wa fedha: ukichapisha noti bila kuongeza mali, noti hupoteza thamani, na anayeumia kwanza ni yule aliyeweka akiba kwa uaminifu. Mchumi Michael Spence alieleza mwaka 1973 jinsi shahada inavyoweza kuwa ishara ya uwezo mbele ya mwajiri, kwa sharti kwamba kuipata kunamgharimu asiye na uwezo kuliko mwenye nao. Makala ya jarida ni ishara ya jinsi hiyohiyo. Ikiwa uchambuzi mmoja unaweza kutoa ishara nne, basi mtafiti kijana aliyetumia miaka mitatu kwenye kazi moja, akaichapisha mara moja, akaitaja kwa ukweli, anaonekana kwenye karatasi kama robo ya mtu. Huyo ndiye ninayemwonea uchungu katika suala hili lote. Hayumo kwenye barua ya Autor wala kwenye jibu la Frey.

Nafasi nazo zina kikomo. Jarida linalotoka mara nne kwa mwaka na makala chache kila toleo haliwezi kupanuka. Titanic ilipoingia kwa mara ya nne, kuna makala fulani, sijui ya nani, ambayo haikuingia hata mara moja.

Wasomi wa tiba waliliona hili zamani. Mwaka 1969 Franz Ingelfinger, mhariri wa New England Journal of Medicine, aliweka sharti kwamba jarida lake halitapokea utafiti uliokwisha kuchapishwa mahali pengine, na sharti hilo likaenea na bado linaitwa kwa jina lake. Wachumi walitegemea zaidi aibu na kujuana. Kwa muda mrefu ilitosha, maana wahariri walikuwa wachache na walisomana. Fani ilipogawanyika vipande, jarida la sosholojia hapa, la sayansi asilia pale, la uchumi wa tabia kule, mtu aliweza kutembea na mzigo mmoja kwenye milango minne bila wenye nyumba kukutana. Frey alikuwa bingwa wa kuvuka mipaka ya fani, na hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake kubwa. Njia zilezile alizozifungua kwa ajili ya mawazo ndizo marudio yalizopitia.

Wala hakuwa peke yake. Muda mfupi baadaye Uholanzi iliingia kwenye mjadala kama huo kuhusu Peter Nijkamp wa Vrije Universiteit ya Amsterdam, mchumi mwenye orodha ndefu ajabu ya maandishi, aliyepewa Tuzo ya Spinoza, tuzo kubwa ya sayansi ya Uholanzi, mwaka 1996 na baadaye kuliongoza shirika la taifa la kugharimia utafiti, NWO. Hapo nako watu walibishana kwanza juu ya neno, kama mtu anaweza kujiibia, na muda mwingi ukapotea kabla ya kufikia swali la nini msomaji alipaswa kuambiwa.

Kazi za kale za Frey zifanyweje, basi? Naona hazina sababu ya kutupwa. Asilimia 50.8 na 24.6 za Wolfenschiessen hazikubadilika kwa sababu ya Titanic. Uchunguzi wa furaha na kura ya moja kwa moja unasimama au kuanguka kwa data zake. Kinachobadilika ni namna ya kuisoma orodha ya maandishi yake: msomaji sasa analazimika kusimama kila mahali ajiulize kama hiki ni kipya au ni kilekile kimevaa kanzu nyingine. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na mwandishi, kwa tanbihi. Ameiacha kwa wasomaji, na wataendelea kuifanya miaka yote atakayosomwa.

Mwaka 2010, mwaka uleule makala za kwanza za Titanic zilipotoka, shirika la utafiti la Ujerumani, DFG, lilibadilisha kanuni ya maombi ya fedha: mwombaji asiorodheshe kwenye wasifu wake zaidi ya machapisho matano, yale anayoyaona kuwa na uzito kuliko yote. Hakuna idadi, hakuna pointi. Nimejaribu kumpangia Frey matano yake. Kijiji cha Wolfenschiessen kinaingia bila ubishi. Furaha na kura ya maoni inaingia. Makala kali ya mwaka 2003 ningeiweka, ingawa najua wengi wangeikwepa. Ya nne ningemwachia achague mwenyewe kati ya zile za sanaa na za tuzo. Ya tano ni ya PNAS, ile ya meli mbili, saa 2 na dakika 40 upande mmoja, dakika 18 upande mwingine. Titanic imeingia mara moja, na hakuna kilichopungua kwenye tulichojifunza kutoka kwake.